Nani Kasema Mbega Hasemi?

Vijana wenzangu, wenye kalamu na wenye ndoto ya kalamu, nimerudishiwa mswada. Sioni haya kulisema hilo, maana kati yetu tunaosoma kurasa hizi hakuna ambaye hajarudishiwa. Lakini safari hii mswada umerudi na kikaratasi kimebanwa kwa pini, na maneno ya kikaratasi hicho yameninyima usingizi kuliko kurudishwa kwenyewe. Mchapishaji (jina nalihifadhi, sitaki ugomvi wa mtu na mtu) anasema lugha ni nzuri na safari ina mvuto, ila niondoe wanyama wanaosema, kwa kuwa mtoto wa siku hizi haamini mambo hayo. Halafu niongeze funzo mwishoni, ili shule zipate sababu ya kununua.

Nimekisoma kikaratasi hicho mara nyingi. Nimekionyesha kwa jamaa zangu wa hapa Manyovu, na nusu yao wamekubaliana na mchapishaji. Hapo ndipo nilipoona jambo hili si langu peke yangu. Ni ugonjwa, na umetuingia hata sisi vijana. Kwa hiyo leo naandika kwa hasira, mnisamehe mapema.

Kwanza niwaeleze hadithi yenyewe, msije mkadhani nalilia kitu cha ovyo. Butoyi ni mtoto wa kike wa miaka kumi na mmoja, wa milima hii ya kahawa, migomba na maharage, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Kama jina linavyosema, yeye ni pacha wa nyuma. Bukuru, pacha wa mbele, amepotea usiku mmoja watu walipokuwa wakikimbia. Butoyi anaamua kumtafuta. Hajui njia, ila anajua mto. Fungueni ramani muutazame Malagarasi. Unaanzia kwenye milima ya mpakani, si mbali na Ziwa Tanganyika, lakini hauendi ziwani moja kwa moja. Unalipa ziwa kisogo, unakwenda kaskazini mashariki ukiufuata mpaka, unageuka kusini, unapotelea kwenye mabwawa ya Moyowosi, kisha unakata magharibi, unapita Uvinza kwenye chumvi, na ndipo unapoingia ziwani. Zaidi ya kilomita 450 za kuzunguka, kwa mto ambao ungeweza kufika kwa kuteremka tu! Mto huo wenyewe ni hadithi tayari. Mimi nimeongeza mtoto.

Na wenzake wa safari. Kuna mbega aliyefukuzwa na ukoo wake, kobe mbishi anayedai kwamba aliwahi kuwa mwenyekiti wa kijiji, na ndege yule wa Moyowosi mwenye mdomo kama kiatu, ambaye kwa siku husema neno moja tu, na neno hilo huwa la kweli. Sasa haya, waondoe hao. Kinabaki nini? Mtoto mmoja anayelia kando ya mto. Hiyo si hadithi tena, ni taarifa ya kituo cha polisi.

Naomba nizichukue hoja za wakubwa moja moja.

Ya kwanza, kwamba mtoto wa siku hizi haamini. Mimi nafanya kazi kwenye duka la fotokopi. Nilipata divisheni ya nne, sifichi, na mchana natoa nakala za vyeti vya wenzangu waliofaulu. Usiku naandika. Sura tatu za kwanza nilimsomea mdogo wangu wa darasa la nne. Umeme ulikatika katikati, kama kawaida yake, yule mtoto akakimbia kuchukua simu ya mama akaniwashia tochi niendelee. Nilipofika kwa kobe, akanikatiza: "Kaka, huyu kweli alikuwa mwenyekiti, au anajisifu tu?"

Mmelisikia swali hilo? Hakuuliza kama kobe anaweza kusema. Hilo alikwisha kulimaliza mwenyewe, bila msaada wa wizara. Alichotaka kujua ni kama kobe ni mwongo. Yaani ameshavuka kutoka kwenye maajabu akaingia kwenye tabia ya mtu, mahali ambapo wahakiki wetu wenye digrii hufika kwa tabu. Mtoto anajua vizuri kabisa kwamba kobe wa bondeni hasemi. Anajua pia kwamba kobe wa hadithini asiposema, hadithi inakwama. Ni mtu mzima ndiye anayechanganya mabonde mawili hayo.

Ya pili ni nzito zaidi, na waliyoisema ni watu ninaowaheshimu. Wanasema huu ni uchawi. Mzee mmoja wa dini alikuja kutoa nakala za ratiba ya ibada, akazikuta kurasa zangu juu ya mashine, akasoma moja, akatikisa kichwa. Mtoto anayezungumza na wanyama, akasema, huyo ameshikwa na kitu.

Mzee wangu, shikamoo, lakini nakukatalia. Punda wa Balaamu alisema, tena alimsemea nabii aliyekuwa amempanda, na habari hiyo imo katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 22. Nabii Suleiman alifahamu maneno ya chungu na ndege, na habari hiyo imo katika Kurani, katika sura iliyopewa jina la chungu wenyewe. Kama vitabu vitakatifu havikuogopa mnyama mwenye ulimi, mimi mwuza fotokopi nitaogopa nini? Shaaban Robert naye, ambaye kila shule inamtaja kwa adabu, katika "Adili na Nduguze" ya mwaka 1952 aliwageuza ndugu wawili wakawa manyani, na mpaka leo hakuna aliyemwita mchawi.

Au tazameni alichofanya marehemu Edwin Semzaba. Wengi mnamjua kwa "Ngoswe" ya shuleni, basi. Lakini mwaka 2008 alitoa "Marimba ya Majaliwa", ambamo mtoto anaizunguka Tanzania kwa ungo. Kwa ungo, jamani! Hebu fikirini ujasiri huo. Katika nchi hii ungo unaoruka ni chombo cha wachawi, kila mtu anajua, mtoto akitajiwa anajikunyata. Semzaba alikwenda akakichukua chombo hicho mikononi mwa wachawi akampa mtoto atembelee mikoa. Huko ndiko kuupiga vita ushirikina, siyo kupiga marufuku neno.

Sisemi haya kwa mzaha. Katika mikoa yetu ya magharibi na kanda ya ziwa watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa sababu ya imani za giza. Najua ninapoweka mguu. Lakini ushirikina unamfundisha mtoto kumwogopa jirani. Hadithi ya safari inamfundisha kutembea njia moja na yule asiyefanana naye, mmoja ana manyoya, mwingine ana gamba, na wote wana njaa. Anayeona vitu hivyo viwili ni kimoja, hajatazama sawasawa.

Ya tatu ndiyo inayonichekesha. Eti hadithi za namna hii ni uzungu.

Bibi yangu hakuwahi kuona mzungu wa karibu mpaka alipozeeka, na sungura wake alikuwa anasema kuliko wakili. Ng'ambo ya mpaka, Warundi hadithi huiita umugani, na mnyama wa humo hana haja ya mkalimani. Kwa hiyo hilo la wanyama kusema tulikuwa nalo kabla ya meli yoyote. Tulichokosa ni kukiweka kitabuni tukampa mtoto awe mbele ya safari. Katika hadithi za bibi, tuseme kweli, shujaa mara nyingi ni sungura mwenyewe, na mtoto anayetoka nyumbani bila ruhusa huliwa na zimwi. Mtoto yupo ili aonywe. Sikatai uzuri wa hadithi hizo, nimekua kwazo. Nasema tu kwamba mlango wa pili tumeuacha wazi, wengine wakaingia.

Na wameingia kweli. Miaka ya ukoloni, vijana wa shule walisomeshwa kwa Kiswahili habari za Maugli, mtoto aliyelelewa na mbwa mwitu, wa Rudyard Kipling. Mwaka 1940 akaja "Elisi katika Nchi ya Ajabu", yule Alice wa Lewis Carroll, na katika picha za toleo lile Elisi alichorwa kama mtoto wa Kiafrika. Mnaona ajabu hiyo? Hata waliotutawala walitambua kwamba mtoto wa huku akifungua kitabu anataka kujiona anazungumza na sungura. Wao walilitambua mwaka 1940. Mchapishaji wangu bado.

Halafu njooni kwa Nils Holgersson. Mwanzoni mwa karne iliyopita, chama cha walimu wa Sweden kilitaka kitabu cha kuwafundisha watoto jiografia ya nchi yao. Wakamwomba Selma Lagerlöf, mwanamke aliyekuwa mwalimu. Angeweza kuandika orodha ya mito na mikoa, kama tunavyokaririshwa sisi. Badala yake, mwaka 1906 na 1907, alitoa vitabu viwili juu ya mtoto mtundu anayegeuzwa kuwa kidogo kama kidole, akapanda mgongoni mwa bata bukini, akaruka na ndege wa porini kuikagua nchi nzima kutoka juu. Watoto wakajifunza jiografia bila kujua wanafundishwa. Mwaka 1909 Lagerlöf akapata Tuzo ya Nobel ya fasihi, mwanamke wa kwanza kuipata. Na Waswidi hawakuishia hapo. Kwenye noti yao ya kronor 20 iliyotolewa mwaka 1991 waliweka sura ya mwandishi huyo upande mmoja, na upande wa pili wakamweka Nils juu ya bata wake.

Sasa toeni noti zetu mfukoni, kama zipo. Elfu mbili ina simba. Elfu tano ina kifaru. Elfu kumi ina tembo. Wanyama wetu tunawathamini kiasi cha kuwaweka kwenye fedha, lakini kuwapa sentensi moja kwenye kitabu cha mtoto tunasema ni ujinga. Tembo kwenye noti ni mali ya taifa, tembo kwenye hadithi ni utoto. Kwa mantiki gani?

Na wakati sisi tunaona haya, wenzetu hawana haya. Mwaka 1994 Marekani ilitoa filamu ya yule mtoto wa simba aliyefukuzwa kwao, akatembea na ngiri na mwenzake, mpaka akarudi kudai haki yake. Mtoto shujaa na wenzake wa safari, neno kwa neno. Majina wakachota kwetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Kampuni ya Disney ikaomba kusajili "Hakuna Matata" kama alama yake ya biashara kwenye nguo, na mwaka 2003 Marekani ikaisajili. Mwaka 2018 watu wengi Afrika Mashariki walipolisikia hilo wakapandwa na hasira, ikapita barua ya malalamiko iliyotiwa saini na maelfu. Mimi pia nilikasirika. Lakini nikajiuliza, hasira hiyo tungeitumia kuandika kitabu kimoja, tungekuwa wapi? Kelele za kuibiwa jina ni halali. Ila nyumba yenye watu ndani ni ngumu kuibiwa.

Kuna mfano wa nyumbani zaidi, na huu ndio unaoniuma. Shukeni milima hii kwenda magharibi, mtafika Gombe, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mkoa huuhuu wa Kigoma. Julai 1960 alifika pale binti wa Kiingereza wa miaka 26, Jane Goodall. Hakuwa na digrii hata moja. Alikuwa amesomea ukatibu muhtasi. Alikuja kwa sababu gani? Mwenyewe ameeleza mara nyingi maishani mwake. Alipokuwa mtoto alisoma vitabu vya Doctor Dolittle, daktari anayezungumza na wanyama, na vya Tarzan, akaota kwamba siku moja ataishi Afrika na wanyama wa porini. Vitabu vya watoto! Tena Tarzan aliandikwa na Edgar Rice Burroughs, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika.

Huyo binti akakaa na sokwe wa Gombe. Badala ya kuwapa namba akawapa majina, David Greybeard, Flo, Fifi, na wataalamu wakamlaumu kwamba anaingiza utoto katika sayansi. Mwaka huohuo wa 1960 akamwona David Greybeard akitengeneza kijiti cha kuchokolea mchwa kichuguuni, jambo ambalo wataalamu walikuwa wanaamini binadamu pekee ndiye anayeliweza. Dunia ikageuka. Baadaye Chuo Kikuu cha Cambridge kilimpa shahada ya udaktari, na alipofariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91 alililiwa kila bara.

Sasa piga hesabu mwenyewe, kijana mwenzangu. Mtoto wa Uingereza alisoma kitabu cha kubuni, kitabu kikamvusha bahari, kikamleta mpaka kwenye ziwa letu. Mtoto wa Manyovu, ambaye sokwe hao ni jirani zake, amesoma kitabu gani cha kumvusha mlima mmoja tu awafuate? Wangapi darasani kwenu walishika hadithi ambayo mtoto wa Kigoma ndiye anayemwona sokwe kwanza, akampa jina, jina la Kiha, akakaa naye chini? Tumeachiwa kazi ya kubeba mizigo kwenye hadithi ya porini kwetu wenyewe.

Ya nne, funzo. Hapa lazima niwe mwangalifu, maana watu watasema nawafundisha watoto utovu wa adabu. Sina ugomvi na funzo. Nina ugomvi na kibandiko. Kitabu cha kunawa mikono ni kizuri, na mikono inawwe. Lakini mtoto akipewa vitabu kumi, na vyote kumi mwishoni vina mtu mzima amesimama na kidole juu, ataamini kwamba kusoma ni kugombezwa kwa maandishi. Ndiyo sababu akimaliza darasa la saba hashiki kitabu tena. Halafu tunaandika makala za kusikitika kwamba Watanzania hawasomi.

Sasa ndipo mnyama anapoingia. Mnajua kwa nini mtoto shujaa anatembea na mnyama, hatembei na mwalimu wake wala mjomba wake? Mnyama hana fimbo. Mbele ya mzazi mtoto hutii, mbele ya mwalimu hujibu, lakini mbele ya mbega lazima aamue. Mbega anaogopa, kobe anabisha, ndege kanyamaza, na daraja limevunjika. Nani aseme tuvuke au tusivuke? Butoyi. Akikosea, wote wanalowa. Funzo lenyewe ndilo hilo, na hakuna aya ya mwisho inayoweza kulisema vizuri kuliko maji yalivyolisema.

Ya tano nakubaliana nayo nusu. Hailipi. Kweli hailipi. Bei ya kitabu kimoja cha picha inamfanya mama wa hapa kwetu afikirie kilo za maharage, na ana haki. Mchapishaji naye anategemea shule, na shule zinategemea orodha. Nayajua hayo. Lakini tusizungumze kana kwamba hakuna aliyewahi kujaribu. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991, na kwa miaka mingi ulinunua sehemu ya nakala za wachapishaji na kuzipeleka shuleni, na kwa njia hiyo vikazaliwa vitabu ambavyo visingezaliwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipoanza kutolewa mwaka 2023 ilikuwa na riwaya na ushairi, baadaye hadithi za watoto nazo zikatiwa. Mlango umefunguka kidogo. Tukisimama nje tukinung'unika mpaka ufungwe, lawama itakuwa ya nani?

Hapo sasa nageuka nyuma, kwenu nyinyi na kwangu mimi.

Sisi vijana tunaojiita waandishi tuna kosa letu. Tukishika kalamu tunataka moja kwa moja tuwe wakubwa. Mkoa huu umemtoa Ben Mtobwa, na Joram Kiango wake tulimsoma mpaka kurasa zikachomoka. Tukataka wote kuandika bastola, hoteli na wasichana warefu. Sawa, si dhambi. Lakini Joram Kiango hana mdogo wake? Nani alituandalia sisi tuwe wasomaji wa Mtobwa? Msomaji hazaliwi akiwa na miaka 18. Tunagombania wasomaji wachache waliopo kama fisi kwenye mfupa, na shamba la kuwaotesha wengine tumeliacha magugu, eti kuandikia watoto ni kazi ya akina mama na masista.

Na wale wachache wanaojaribu, wanaandika nini? Niseme langu kwanza. Nikiwa kidato cha pili niliandika hadithi ya mtoto aitwaye Kevin, mwenye farasi mweupe, akipigana na joka kwenye ngome yenye theluji. Theluji! Mimi ambaye baridi kali niliyoijua ni ya asubuhi ya Manyovu wakati wa kuchuma kahawa. Farasi sijamshika mpaka leo. Niliandika kurasa 80 nikidhani hiyo ndiyo maana ya kubuni, kwenda mbali. Kumbe nilikuwa naazima ndoto ya mtu aliyekwisha kuamka. Kwa hiyo anayesema hadithi hizi ni uzungu ananilenga mimi yule wa kidato cha pili, na ananipata. Lakini dawa ya Kevin si kuacha kubuni. Dawa ya Kevin ni Butoyi.

Nimalizie kwa jambo ambalo kwa mchapishaji sikulieleza, na pengine ningelieleza.

Mwaka 2015 nilikuwa mtoto wa shule. Burundi kulichafuka, watu wakaanza kuvuka. Wengine walipitia Kagunga kule ziwani, wengine walipitia huku kwetu Manyovu. (Zamani tulikuwa Kasulu, tangu mwaka 2012 wilaya yetu ni Buhigwe.) Haikuwa mara ya kwanza, wazee wanakumbuka 1972 na 1993. Walikaa chini kando ya barabara wakisubiri kupelekwa kambini. Kulikuwa na mtoto wa kiume, mdogo kuliko mimi, amekumbatia kuku. Sikumwona mama wala baba karibu naye. Nilikaa namtazama kwa muda mrefu, na yeye hakunitazama hata mara moja, kwa sababu alikuwa na kazi. Alikuwa anazungumza na yule kuku.

Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo nilimwelewa. Alikuwa anamwambia asiogope, wamebakiza kidogo, watakula wakifika. Kisha ananyamaza, anainamisha sikio, kama mtu anayesikiliza jibu. Kisha anamjibu tena.

Yule mtoto alikuwa amemwona zimwi mwenyewe, siyo wa kusimuliwa. Sasa ninyi mnaosema hadithi ya kobe itamtisha, mnamzungumzia mtoto gani? Mnaosema mtoto haamini, mlimwuliza? Nyarugusu ipo tangu mwaka 1996, watu wamezaliwa kambini wakazaa kambini, na watoto wetu wa vijiji vya jirani wamesikia milio ya risasi ng'ambo wakiwa wamelala. Hawa wanahitaji kuambiwa nini? Kwamba wanawe mikono, naam. Lakini pia kwamba mtoto mmoja, bila ruhusa ya mtu, anaweza kufuata mto unaozunguka kilomita 450 na bado akafika. Kwamba atakuwa na mwenzake njiani. Kwamba mwenzake huyo anaweza kuwa kiumbe ambaye wakubwa wanamwona ni kitoweo tu.

Sijui yule mtoto alifika wapi. Kuku naye sijui. Ndiyo maana niliandika.

Kwa hiyo jibu langu kwa kile kikaratasi ni hili, na naliandika hapa hadharani ili nisije nikarudi nyuma siku njaa ikizidi: wanyama hawatoki. Kobe ataendelea kudai uenyekiti wake. Mbega atasema. Funzo sitaongeza, maana limo, atakayelitaka alitafute kama Butoyi alivyomtafuta Bukuru. Nitaupeleka mswada kwa mchapishaji wa pili, wa tatu, na wote wakikataa, nina mashine ya fotokopi mbele yangu na pini za kubania.

Nanyi, vijana wenzangu, nawadai kitu kimoja. Kila mmoja wetu ana mto wake, wa Rufiji, wa Ruvuma, wa Kagera, hata mfereji wa Msimbazi. Mtieni mtoto mmoja njiani. Mpeni mwenzake mwenye manyoya au magamba. Halafu mwacheni huyo mwenzake aseme, na mleteni hapa kwenye kurasa hizi tumsikie. Atakayecheka na acheke. Mdogo wangu ameshaniuliza mara mbili sura ya nne inakuja lini, na leo umeme upo.